Ganda la Chungwa la Muheza Linaamuliwa Wapi

Kata machungwa mawili ya Valencia kutoka mashamba mawili yaliyopakana, tuseme Mkanyageni au Kicheba wilayani Muheza, uyaweke kwenye sahani moja. La kwanza lina ganda jembamba, laini, lililoshikana na nyama. La pili limemzidi mwenzake ukubwa, lakini ngozi yake ina vinundu, kisu kinapita kwenye weupe mzito kabla ya kukutana na maji, na ukilikamua glasi haijai. Aina ni ileile na mvua ni ileile. Mnunuzi aliyekuja kununua shamba zima, matunda yakiwa bado mtini, atakata machache, atautazama weupe ule, na bei itaanza kushuka hapohapo.

Muulize mwenye shamba sababu, utapewa moja kati ya tatu: mbegu mbaya, mche uliobebeshwa kwenye mlimau, au mbolea ya dukani. Kila moja ina ukweli ndani yake, ila zimesokotana kiasi kwamba mtu anang'oa mti ambao ungemfaa, au anapulizia dawa mwezi wa mwisho kurekebisha jambo lililokwisha kuamuliwa miezi saba nyuma. Nimeona inafaa kuzifumua moja moja, kwa sababu Muheza inalishwa na chungwa na mkulima wake anastahili kujua fedha yake inapotelea wapi.

Tuanze na ganda lenyewe. Lina tabaka mbili. Ya nje ndiyo yenye rangi. Imefunikwa na nta nyembamba, na ndani yake mna vifuko vidogo vya mafuta, yale yanayoruka na kuwasha macho unapomenya. Ya ndani ni ile nyeupe, laini, yenye nafasi za hewa kati ya seli zake. Watu wakilalamika kuwa ganda ni nene, mara nyingi wanailalamikia hii nyeupe.

Maua yakishapukutika, kitunda kinapita hatua tatu. Katika ya kwanza, inayochukua takriban miezi miwili, seli zinagawanyika kwa kasi na karibu ukuaji wote unaouona ni wa ganda. Pasua kitunda chenye ukubwa wa gololi utakuta weupe mtupu na alama ndogo tu ya nyama katikati. Hatua ya pili ndiyo ndefu: vifuko vya maji vya ndani vinajaa, nyama inavimba na kulisukuma ganda kutoka ndani. Seli nyeupe kwa sehemu kubwa zimeacha kuongezeka, hivyo zinavutwa na kutandazwa, kama donge la chapati linavyopungua unene kadiri linavyosukumwa kuwa pana. Hatua ya tatu ni kuiva: ukali unapungua, utamu unapanda, rangi inabadilika ikiwa hali ya hewa inaruhusu.

Kwa hiyo unene utakaokutana na kisu siku ya mavuno unategemea mambo mawili: weupe kiasi gani ulijengwa katika ile miezi miwili ya mwanzo, na nyama iliusukuma kiasi gani baadaye. Takriban kila kitu kinachosemwa kuhusu ganda, iwe mlimau, samadi, ukame au umri wa mti, kinafanya kazi kupitia moja ya milango hiyo miwili. Msomaji akilishika hili, mengine yote yatamnyookea.

Sasa mlimau. Miche mingi ya michungwa inayouzwa mkoani Tanga ni ya kubebesha: mbegu za mlimau wa kienyeji, ule wenye malimau makubwa ya ganda la vinundu, zinaoteshwa kitaluni, mche ukifikia unene wa kalamu ya risasi, jicho la mchungwa linachukuliwa kwenye kitawi na kupachikwa kwenye gome lake, kisha sehemu ya juu ya mlimau inakatwa. Mti unaokua ni wa watu wawili. Mizizi na shina la chini ni mlimau, na kila kilicho juu ya kiungio ni mchungwa.

Hapo ndipo imani moja kubwa inapozaliwa. Limau la chini lina ganda nene lenye vinundu. Chungwa la juu nalo likatoka na ganda nene lenye vinundu. Basi watu wanasema chungwa limerithi ganda la limau. Halijarithi. Chembe za urithi hazipandi kutoka kwenye mzizi kwenda kwenye tunda, na jicho la Valencia litatoa Valencia popote utakapolipachika. Ushahidi rahisi uko kwenye mdanzi. Danzi lina ganda nene, lenye mabonde, chungu, kuliko machungwa mengi. Lakini mchungwa uliobebeshwa kwenye mdanzi unajulikana duniani kwa kutoa machungwa ya ganda laini, jembamba kiasi, na maji yenye utamu uliokolea. Kama ganda lingekuwa linarithiwa kutoka chini, hali ingekuwa kinyume.

Kinachopanda kutoka chini ni maji, chumvichumvi za udongo, na vichocheo vya ukuaji ambavyo mizizi inavitengeneza. Mlimau huu una mizizi yenye nguvu isiyo ya kawaida. Inakwenda mbali na kina kirefu, inapenda udongo wa kichanga, inavumilia ukame, na njia zake za maji zinapitisha maji mengi kwa urahisi. Mti wa juu unakuwa mkubwa haraka, unachipua sana, unawahi kuzaa na unazaa matunda makubwa mengi. Gharama yake inajitokeza kwenye tunda: naitrojeni na maji mengi vinapofika kwenye kitunda katika ile miezi ya kugawanyika kwa seli, ganda linajengwa nene na lenye vinundu, na baadaye nyama inajazwa maji ambayo sukari na asidi yake vimetawanyika. Ndiyo maana chungwa la mlimau mara nyingi ni kubwa, lina ganda nene, na utamu wake ni wa kawaida tu.

Kwenye ncha ya pili uko mti wenye majani matatu kwenye kikonyo kimoja, asili yake China, unaotumika sana kama shina la chini katika nchi za baridi. Unaupa mti wa juu maji kwa kipimo. Mti unabaki mdogo, na machungwa yake yanakuwa na ganda laini na sukari iliyokolea. Katikati ya ncha hizo mbili kuna mashina mengine. Michotara ya mti huo wa majani matatu na mchungwa mtamu, kama Carrizo na Troyer, inapendwa sana kwa kuwa inaleta uzito mzuri wa mavuno bila kuharibu ganda. Cleopatra, ambayo ni jamii ya chenza, inatoa ganda jembamba na tunda dogo, na inachelewa kuzaa. Rangpur, iliyotumika mno Brazil kwa miaka mingi, inavumilia ukame karibu sawa na mlimau wetu.

Mtu atauliza: basi kwa nini tusiuache mlimau kesho? Swali hili ni zito zaidi ya linavyosikika. Tuanze na mdanzi, maana ndio unaovutia na unaota pwani yote. Mchungwa mtamu juu ya mdanzi ni ndoa nzuri mpaka virusi vya tristeza vifike. Virusi hivyo vinaenezwa na vidukari, hasa yule mweusi wa michungwa aliyezagaa Afrika, na vikiingia kwenye mti huo vinaua njia za chakula pale kwenye kiungio. Mizizi inakufa njaa, mti unanyauka ukiwa na matunda yake. Miaka ya 1930 na 1940 mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa kwenye midanzi iliangamia Argentina na Brazil kwa njia hiyo. Mlimau wa kienyeji unavivumilia virusi hivyo. Kwa hiyo anayekuuzia mche wa mdanzi kwa ahadi ya ganda zuri anakuuzia mti mzuri usio na maisha marefu, na nasema hivyo bila kusita.

Mti wa majani matatu na michotara yake nao una masharti. Haipendi udongo wenye chokaa nyingi: inashindwa kuchukua madini ya chuma, majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mti unadumaa. Tanga tuna chokaa ya kutosha. Mapango ya Amboni yenyewe yamechimbika kwenye miamba ya chokaa, na karibu na bahari udongo mwingi umekaa juu ya matumbawe ya kale. Shamba la huko likipandwa Carrizo litasumbuka, ilhali Cleopatra ingestahimili. Zaidi ya hapo, mashina haya yasiyovuta maji kwa nguvu yanamtaka mkulima mwenye uwezo wa kumwagilia. Wengi wa wakulima wa Muheza wanategemea mvua ya Mungu, na katika mwaka ambao vuli imekatika mapema, mti uliosimama juu ya mlimau ndio utakaobaki na majani.

Maoni yangu, baada ya kuyapima haya, ni kwamba mlimau haujawa adui wa chungwa la Tanga. Ni mti unaofaa mazingira ya mvua na mchanga, na kasoro yake kwenye ganda inaweza kupunguzwa kwa namna unavyoulisha. Udhaifu wake wa kweli ambao watu hawausemi sana ni kuoza kwa mizizi na shina kwenye udongo unaotuamisha maji. Kiungio kiwe juu ya ardhi, kwa urefu wa shubiri moja hivi au zaidi, na udongo usirundikwe kamwe kukifunika. Nimekuwa nikiona mashamba mazuri ambamo vibarua wa palizi wanakokotea udongo kwenye shina wakidhani wanausaidia mti.

Kabla hatujauacha mche, kuna jambo jingine linalomchanganya mkulima. Mara chache mtu anasema mchungwa wake "umegeuka" limau. Kilichotokea ni kwamba chipukizi limetoka chini ya kiungio, limekua bila kukatwa, na kwa kuwa mlimau una nguvu kuliko mchungwa, limefunika sehemu ya juu. Matunda ya tawi hilo ni malimau kwelikweli. Chipukizi la namna hiyo linang'olewa likiwa bado laini, kwa mkono, ili jicho lake litoke nalo.

Na mbegu je? Ile hofu ya "mbegu mbaya" ina msingi mdogo kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa mbegu nyingi za jamii hii zina tabia ya ajabu: ndani ya mbegu moja kuna vijusi zaidi ya kimoja, na vingi havikutokana na chavua bali na tishu ya mti mama. Miche inayotoka ni nakala ya mama. Ndiyo sababu kitalu cha mlimau kinaota kikiwa na miche inayofanana, na ile michache inayotofautiana kwa umbo hutupwa. Chungwa lililopandwa kwa mbegu moja kwa moja nalo kwa kawaida linamfuata mama yake. Tatizo lake ni utoto: linakaa miaka mingi na miiba mirefu kabla ya kuzaa, na mazao ya mwanzo yana ganda nene na gumu. Hata mti wa kubebesha unapita kipindi kama hicho, kifupi zaidi. Mavuno ya kwanza na ya pili ya mti mchanga wowote yana ganda nene, kwa sababu mti una nguvu nyingi na matunda machache ya kuigawia.

Hilo linatuleta kwenye mzigo wa mti. Mwaka ambao mchungwa umebeba sana, matunda yanakuwa madogo, na ganda jembamba. Mwaka uliofuata, mti ukiwa umechoka na kubeba machache, kila tunda linapata chakula kingi na linatoka kubwa lenye ganda nene. Mkulima anayelinganisha machungwa ya mwaka huu na ya mwaka jana bila kukumbuka mzigo wa kila mwaka atalaumu mbolea bure.

Hali ya hewa ya Tanga kwa jumla inaupendelea unyororo wa ganda. Sehemu kavu zenye joto kali mchana na baridi usiku, kama California, hutoa chungwa lenye ganda nene na rangi iliyokoza. Sehemu zenye joto na unyevu, kama Florida, hutoa ganda jembamba zaidi, maji mengi na rangi hafifu. Sisi tuko upande wa Florida na tumeuzidi. Unyevu wa bahari unalifanya ganda lisikauke na kukakamaa.

Lakini ndani ya mwaka mmoja wa Tanga kuna miaka miwili ya chungwa. Mchungwa hapa unatoa maua mvua inapovunja kiangazi. Maua ya vuli, Oktoba na Novemba, yanaleta matunda ya msimu mkubwa katikati ya mwaka unaofuata. Maua ya masika, Machi na Aprili, yanaleta msimu mdogo unaoangukia mwisho wa mwaka. Vitunda vya vuli vinajenga ganda lao mvua zikielekea kwisha na kaskazi ikianza kuvuma, jua kali na hewa kavu kuliko kawaida ya hapa. Vitunda vya masika vinajenga lao katikati ya mawingu na unyevu. Mti mmoja, mzizi mmoja, na magunia mawili ya ganda tofauti. Hata juu ya mti uleule yako matabaka: tunda la kileleni linaloonana na jua mchana kutwa huwa na ganda zito na la vinundu kuliko lile lililojificha ndani ya majani, ambalo ni laini na limepauka.

Vuli ikikatika ghafla halafu mvua kubwa ikarudi, mlango wa pili unafunguka kwa nguvu: nyama inanyonya maji kwa haraka kuliko ganda linavyoweza kutanuka, na chungwa linapasuka, hasa kwenye kitovu chake. Hapa utaona kwamba ganda jembamba lina hatari yake. Matandazo ya nyasi kavu chini ya mti, yasigusane na shina, yanapunguza mshtuko huo kwa kuuacha udongo ukauke polepole na ulowe polepole. Ni kazi ya siku moja inayolipa kuliko chupa nyingi za dawa.

Mbolea ndiyo sehemu yenye mchanganyiko mkubwa, kwa kuwa tunasema "mbolea" kana kwamba ni kitu kimoja. Naitrojeni ikizidi, ganda linakuwa nene na lenye vinundu, na rangi inachelewa kubadilika. Potasiamu ikizidi, tunda linakua kubwa na ganda linanenepa. Ikipungua, tunda ni dogo, ganda ni jembamba sana, na linapasuka. Fosforasi ndiyo inayoshangaza wengi: ikipungua, ganda linakuwa nene na katikati ya chungwa panabaki na tundu tupu, ikiwa ya kutosha, ganda linakuwa laini na jembamba. Kwa hiyo mkulima mwenye ganda nene anaweza kuwa na naitrojeni nyingi au fosforasi kidogo, na akienda dukani kununua Urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni na haina fosforasi hata chembe, atalizidisha tatizo kwa fedha yake mwenyewe.

Mlimau wa chini unayakoleza haya yote, kwa kuwa mizizi yake inaivuta naitrojeni kwa pupa. Samadi ya kuku, iliyo kali kwa naitrojeni, ikimwagwa kwa wingi wakati mti unatoa maua, itafika kwenye vitunda hasa katika ile miezi miwili ya kujenga ganda. Mti utapendeza, majani yatakuwa kijani cha kuiva, na machungwa yatakuwa na maganda ambayo mnunuzi atayakataa. Ningeshauri naitrojeni igawanywe kidogokidogo badala ya kumwagwa yote kwa pamoja, na fosforasi iwekwe mapema udongoni. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu inatengenezwa hapahapa nchini kutokana na mwamba wa Manyara, na kwa udongo mwekundu wenye uchachu unaoelekea Usambara inafaa, kwa kuwa uchachu unasaidia kuiyeyusha. Majivu ya kuni yanaleta potasiamu na kalsiamu, hayana naitrojeni, ila yawekwe kwa kiasi, na yasiwekwe kabisa kwenye udongo ambao tayari una chokaa.

Njia ya kuacha kubahatisha ni kupima. Majani yenye umri wa miezi minne hadi sita, kutoka matawi yasiyo na matunda, yakikaushwa na kupelekwa maabara, yatasema. Mchungwa ulioshiba una naitrojeni karibu asilimia 2.5 ya uzito wa jani kavu. Ukiwa juu sana ya hapo, ganda litakuwa shahidi. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kilicho ndani ya Muheza yenyewe na kinachojulikana kwa mkonge na kwa utafiti wa udongo, kiko jirani zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Vyama vya ushirika vingeweza kukusanya sampuli za wanachama na kuzipeleka kwa pamoja, na sioni sababu ya kutofanya hivyo.

Weupe wa ganda una ugonjwa mwingine unaochelewa kuonekana. Tunda likikaa mtini muda mrefu baada ya kuiva, hasa mwaka ambao mti umebeba sana, nyuzi za weupe zinaachana kwa ndani na juu ya ngozi yanatokea mabonde kama mikunjo. Ukilibonyeza, linadidimia. Tunda hilo ladha yake ni njema, lakini halitafika Dar es Salaam likiwa zima chini ya shehena ya fuso. Upungufu wa kalsiamu na potasiamu unauchochea ugonjwa huo. Anayeyaacha machungwa mtini akingoja bei ipande ajue kwamba ganda halingoji pamoja naye.

Rangi nayo inahitaji maneno machache, kwa sababu inawaumiza wakulima wetu mbele ya machungwa yanayotoka Misri na Afrika Kusini. Kijani cha ganda ni klorofili, na kwenye chungwa klorofili inavunjika vizuri usiku unapokuwa wa baridi, takriban nyuzijoto 13 kushuka chini. Usiku wa Julai mjini Tanga unabaki karibu nyuzijoto 20. Chungwa linaiva ndani, sukari imepanda, asidi imeshuka, na nje bado ni kijani chenye manjano kidogo. Panda gari hadi Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya bahari, utakuta machungwa ya Julai yenye rangi kuliko ya Muheza, na sababu ni baridi ya usiku tu. Valencia iliyoachwa mtini inaweza hata kurudia kijani baada ya kuanza kuwa ya njano. Nchi nyingine huyaingiza machungwa yaliyoiva ndani lakini bado ya kijani nje kwenye chumba chenye gesi kidogo ya etilini kwa siku moja hadi tatu. Gesi hiyo inaondoa kijani cha nje na haiongezi utamu wowote ndani. Muuzaji wa barabarani anayemenya chungwa la kijani na kumkatia mteja kifuniko juu anauza tunda lililoiva. Ila kijani cha upande mmoja, tunda likiwa limepinda na mbegu zake zimesinyaa, ni alama tofauti kabisa: huo unaweza kuwa ugonjwa wa kijani wa michungwa, unaoenezwa na wadudu wadogo warukao, na hauna dawa. Mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa kwamba mdudu wa Kiasia anayeueneza amekwisha kuonekana Tanzania. Mti wa namna hiyo uonyeshwe kwa bwana shamba mapema.

Makovu ya upepo yanachukuliwa mara nyingi kuwa ugonjwa. Kitunda kikiwa kidogo, ngozi yake ni laini kiasi kwamba jani likisuguana nayo siku nzima linaacha mkwaruzo, na mkwaruzo huo unakua pamoja na chungwa hadi kuwa baka la kijivu. Kaskazi inaanza kuvuma vitunda vya vuli vikiwa katika umri huohuo. Mstari wa mivinje upande inakotokea upepo, na kukata matawi makavu yaliyo ndani ya mti, kunapunguza makovu bila tone la dawa. Utitiri wa kutu nao unatia ngozi hudhurungi, lakini rangi yake imeenea sawasawa na inaonekana kama vumbi lililogandamana. Baka la upepo lina kingo zisizo na mpangilio.

Mavunoni ndipo ganda zuri linapoharibiwa kwa saa moja. Asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, au baada ya mvua, seli za ganda zimejaa maji na vifuko vya mafuta vimekazana. Chungwa likirushwa chini kutoka kileleni, au likishindiliwa kwenye gunia la lumbesa, vifuko vinapasuka, mafuta yanamwagika na kuua seli zilizo karibu. Hapo hapo huoni kitu. Siku mbili tatu baadaye, mzigo ukiwa umevuka mpaka wa Kenya pale Horohoro au umeshushwa sokoni Dar es Salaam, madoa yanatokea, yamedidimia, hudhurungi, na mkulima anaambiwa machungwa yake yana ugonjwa. Vibarua wakianza kazi saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiwa limeukausha mti, madoa hayo yanapungua sana. Mkasi badala ya kunyonyoa, na tenga badala ya gunia, vinamalizia kazi.

Anayetaka kupanda mwaka huu, basi, aanze na maswali kwa mwenye kitalu: shina la chini ni la nini, na jicho lilitolewa kwenye mti gani, mzima, unaozaa? Mwenye kitalu asiyejua la kwanza hafai kupewa fedha. Shamba la mvua, lenye mchanga wenye kina, lipandwe la mlimau bila wasiwasi. Mwenye kisima na bomba, na udongo usio na chokaa, atafute miche michache ya mashina mengine aipande kwenye mstari mmoja pembeni, jicho likiwa la aina ileile aliyonayo, mbolea ileile, palizi ileile. Majibu ayatafute kwa kisu na rula, matunda yakitolewa upande uleule wa mti na urefu uleule, na asianze kuyapima mpaka mavuno ya tatu au ya nne; kabla ya hapo atakuwa anapima ganda la utoto wa mti.